Kayongo Madhabahuni

Mchungaji aliyetuhubiria maua hakuwa amewahi kupalilia hata tuta moja la viazi. Ulilijua hilo mara tu alipokupa mkono. Mkono wake ulikuwa laini kama mkate wa dukani, na alikuwa na tabia ya kuushikilia wako huku akikutazama machoni, kana kwamba alifundishwa darasani kuwa hivyo ndivyo watu wa kijijini wanavyopendwa. Aliletwa kwenye kanisa la mama yangu, upande wa Uriri, akitokea sehemu nyingine kabisa ya nchi. Hakujua Kijaluo, na kwa ajili yake ibada nzima ilihamia Kiswahili, lugha ambayo wengi pale huitumia sokoni na mbele ya chifu.

Mimi sikuwa naishi kule tena. Niliolewa Homa Bay, na huko ndiko kilipo kibanda changu cha cherehani. Nashona sare za shule, magauni ya kwaya na suti za watu wanaokwenda kuzika. Mara moja kwa mwezi, nikipata nafasi mara mbili, nilikuwa nakwenda kumwona mama. Tangu baba afariki aliishi peke yake kwenye shamba lisilofika ekari mbili, nusu mahindi, nusu mtama. Kila Ijumaa alifagia kanisa. Alikuwa amelifagia tangu mimi nikiwa mgongoni mwake, na sijui kama kuna aliyewahi kujiuliza vumbi lile huwa linakwenda wapi.

Siku mchungaji alipokuja nilikuwepo. Ilikuwa mwezi wa sita, mvua zikielekea kwisha, na mimi na mama tulikuwa tumekaa kivulini mwa nyumba tukichambua maharagwe. Tukasikia gari likisimama barabarani. Yule bwana akashuka, akaruka mtaro, akaja moja kwa moja hadi ukingoni mwa shamba. Hakutusalimu kwanza. Alisimama pale mikono kiunoni akitazama kati ya mistari ya mahindi, ambako ardhi yote ilikuwa imechanua rangi ya waridi inayokaribia zambarau.

Lazima niseme jambo moja kuhusu ua lile, kwa sababu mtu asiyetoka kwetu anaweza kudanganyika kama alivyodanganyika yeye. Linaitwa kayongo. Ni zuri, sitakataa. Shina lake halifiki magotini, na maua yake madogo yamepangana juu kwa juu kama vifungo kwenye gauni la harusi. Lakini halijitafutii chakula. Chini ya udongo, mahali usipopaona, linang'ata mzizi wa mhindi au wa mtama na kunyonya. Likishatokeza juu na kuanza kukupendeza, kazi yake limeshaifanya. Mhindi wako unanyauka kwenye udongo uliolowa, kana kwamba uko jangwani. Mtoto wa darasa la kwanza kwetu anajua kuling'oa, na anajua kuling'oa kabla halijachanua, kwa sababu mbegu zake ni laini kama ugoro, ua moja linamwaga mbegu usizoweza kuzihesabu, na zikiingia ardhini zinakaa miaka zikisubiri.

"Mama," mchungaji aliita, bado akitazama shamba, "haya maua umeyapanda mwenyewe?"

Mama aliinuka akajifunga leso vizuri. "Hapana, pasta. Inamea tu."

"Inamea tu!" Akageuka kwangu, macho yakimwaka. "Umesikia, dada? Hakuna aliyepanda, hakuna aliyemwagilia. Haya ndiyo maua ya kondeni aliyoyasema Bwana. Hayafanyi kazi, hayasokoti, na tazama yalivyovikwa!"

Nilifungua kinywa. Mama akanikanyaga mguu, taratibu lakini kwa uzito wake wote, nikakifunga.

Akatoa simu akaanza kupiga picha, akichuchumaa huku na kule, suruali yake nyeupe ikigusa majani. Alipomaliza akatueleza mpango wake. Alikuwa anaandaa juma la maombi, na mada yake ingekuwa maua katika Maandiko. Siku ya Sabato wageni wangetoka ofisi kuu ya kanisa. Alitaka kina mama walete maua haya haya, si ya plastiki, wayapange mbele ya mimbari. Na baada ya ibada alitaka wageni waletwe hapa, kwenye shamba la mama, wapigwe picha.

"Kwa hiyo nakuomba, mama, usiyang'oe. Yaache hadi Sabato ya wiki ijayo."

"Sawa, pasta," mama akasema.

"Na wewe, dada, nimesikia ni fundi. Tungependa vitambaa vya meza na mishipi ya wahudumu, rangi kama hii." Akachuma ua moja akanipa. "Viwe tayari kabla ya Ijumaa."

Alipoondoka nilirusha lile ua kwenye jivu. "Mama, kwa nini hukumwambia?"

"Kumwambia nini?"

"Unajua nini. Wiki nzima! Zitakuwa zimekomaa, zimemwagika. Msimu ujao utavuna nini?"

Aliendelea kuchambua maharagwe, kichwa kimeinama. Ukweli ni kwamba alikuwa amechelewa kupalilia, kwa sababu mgongo ulikuwa unamsumbua, na mimi nilikuwa Homa Bay nikishonea watu wengine. Hilo nalijua. Lakini siku ile alipanga kuanza kung'oa kesho yake. Gunia la kukusanyia lilikuwa tayari limeegemezwa ukutani.

"Tangu nimeanza kuabudu pale," alisema mwishowe, "hakuna mchungaji aliyewahi kuingia kwenye boma hili, isipokuwa siku ya kumzika baba yako. Huyu amekuja mwenyewe. Amesema shamba langu ni zuri. Wewe unataka nimwambie ni takataka?"

Nilimdharau siku ile, mama yangu mzazi. Nilimdharau kwa kuuza msimu wake kwa sababu ya kusifiwa dakika kumi na mtu aliyekanyaga matuta yake bila kuangalia chini.

Hata hivyo nilivishona vile vitambaa. Niseme hilo pia, nisije nikajifanya msafi. Nilivishona siku tatu, nikiweka kazi za wateja kando, na nilipokuwa nakanyaga cherehani niliwaza juu ya mtu anayehubiri kwamba maua hayasokoti huku akimwagiza mwanamke amalize kusokota kabla ya Ijumaa.

Nilifika kijijini Alhamisi alasiri nikiwa nimebeba furushi, nikakaa kwa ibada ya jioni, na ile ya Ijumaa pia. Nilitaka kusikia. Mchungaji aligawa juma lake kwa maua. Siku moja ilikuwa zaburi ile inayosema siku za mwanadamu ni kama majani, na kwamba anachanua kama ua la kondeni, kisha upepo unapita juu yake na mahali pake hapamjui tena. Siku nyingine ilikuwa nabii anayesema mwili wote ni majani. Hayo nayafahamu vizuri, kwa sababu ndiyo yaliyosomwa tulipomzika baba. Nakumbuka nilivyosimama kando ya kaburi nikisikia kwamba majani yanakauka na ua linanyauka, huku juu ya jeneza kumelazwa shada la plastiki la kanisa, lile lile linalozika kila mtu, ambalo kina mama hulifuta kwa kitambaa cha sabuni na kulirudisha kabatini. Lile halinyauki hata ukilitukana.

Mchungaji aliyafanya maneno hayo mazito kuwa mepesi kama kadi ya siku ya kuzaliwa. Alisema Mungu ni msanii. Alisema tukiona ua tujue kwamba tunapendwa. Alisema mara tatu au nne kwamba kuhangaika ni dhambi. Mbele yake walikaa wanawake waliotoka shambani saa moja kabla, matope hayajakauka vizuri kwenye visigino, na wanaume waliokuwa wanawaza ada za muhula, na yeye akawaambia wasihangaike, kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Nilisubiri aifikie barua ya Yakobo, ile inayosema tajiri ndiye atakayetoweka kama ua la majani, jua likichomoza na hari yake. Hakuifikia. Wageni wa ofisi kuu walikuwa wanakuja na magari mawili.

Sabato ilipofika, kanisa lilijaa kayongo.

Sijui niieleze vipi. Kina mama walikuja wamebeba mafungu kama ya kuni. Waliiweka kwenye mitungi, kwenye ndoo zilizofunikwa kwa vitambaa vyangu, kwenye makopo ya maziwa. Mimbari ilizungukwa pande zote. Na hakuna hata mmoja kati yao ambaye hakujua alichobeba. Mwanamke niliyekaa naye benchi moja alikuwa amepoteza mtama wote msimu uliopita kwa sababu ya ua lile. Mbele yangu alikaa mzee wa kanisa, mwenye shamba kubwa kuliko letu sote, ambaye huwafokea vibarua wake wakiacha hata shina moja la kayongo. Sasa alikuwa amekunja mikono kifuani akiitazama madhabahu kama mtu aliyefurahishwa na upambaji.

"Baba," nilimnong'oneza, "hamkumwambia?"

Hakugeuka. "Nani amwambie? Mgeni amependa. Itaisha leo."

Mchungaji kwangu alikuwa mjinga tu, na ujinga una dawa. Hawa walijua. Watu mia na zaidi walijua, wakanyamaza kwa adabu, wakaubeba uharibifu wao kwa mikono yao wenyewe na kuupanga vizuri mbele za Mungu kwa sababu mtu aliyevaa tai aliuita ua. Sijawahi kuwadharau watu ninaowapenda kama nilivyowadharau asubuhi ile.

Wakati wa lesoni, somo la Biblia linalotangulia mahubiri, watu huruhusiwa kuuliza maswali. Nilisimama. Mama, aliyekaa upande wa kina mama wa huduma akiwa amevaa mshipi niliomshonea mwenyewe, aliniona na akaanza kutikisa kichwa.

"Mchungaji," nilisema, "ua hilo lililo mbele yako linaitwaje?"

Alitabasamu. "Kwa Kiingereza sijui, dada. Kwa Biblia ni ua la kondeni."

"Kwetu lina jina. Waulize hawa."

Aliwageukia watu. Hakuna aliyesema. Mtoto mmoja alianza kulitaja, mama yake akamziba mdomo. Wageni wa ofisi kuu walitazamana.

"Linaitwa kayongo," nikasema. "Ni gugu linalonyonya mahindi. Kama hayo ndiyo aliyoyasifu Bwana, basi ana ugomvi na wakulima."

Palikuwa na kicheko kidogo upande wa vijana, kikafa upesi. Mchungaji hakubabaika. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba hakubabaika hata kidogo. Aliweka mkono juu ya Biblia yake akasema kwa upole, "Asante, dada. Unaona basi? Hata gugu, Mungu amelivika. Si zaidi sana mimi na wewe?"

"Amina!" kanisa likaitikia, kwa sauti kubwa kuliko juma lote.

Nikaketi. Baada ya ibada wageni walipelekwa shambani, wakapigwa picha katikati ya mahindi yanayonyauka, na mama akawekwa katikati yao, ameshika fungu la maua kifuani. Sijawahi kumwona akicheka vile. Aliyepiga picha alimwambia asimame wima zaidi, na yeye, pamoja na mgongo ule, akasimama.

Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Mlangoni alinigeukia.

"Umeniaibisha mbele ya wageni."

"Mimi? Mama, shamba lako linaliwa!"

"Ni shamba langu," alisema. "Likiliwa, limeliwa langu. Wewe nani amekutuma kunitetea?"

Kesho yake nilirudi Homa Bay. Wiki tano hatukupigiana simu. Mimi ndimi niliyekuwa na haki, na haki ile nililala nayo, nikala nayo, nikashona nayo, na haikunisaidia kitu.

Aliyevunja ukimya ni yeye. Alipiga siku moja adhuhuri, akasema bila salamu ndefu, "Njoo tuvune. Haitachukua muda."

Haikuchukua. Mahindi tuliyoyatoa nusu nzima ya shamba yalikuwa na magunzi membamba kama vidole, punje zimeachana kama meno ya kikongwe. Mtama ulikuwa afadhali kidogo upande wa juu tu. Kayongo ilikuwa imekauka na kuwa ya kahawia, na kila tulipoigusa ilitoa vumbi jeusi lililoshika nguo zetu. Mama hakulalamika. Alichukua lile gunia, akapiga goti, akaanza kung'oa shina moja moja, akivifunika vile vikombe vidogo vya mbegu kwa kiganja ili zisimwagike zaidi. Nikapiga goti upande wa pili. Hatukuombana msamaha. Kwetu mama na binti hawafanyi hivyo, hufanya kazi mahali pamoja.

Siku ya pili ya kazi hiyo, gari la mchungaji likasimama tena barabarani. Alishuka akaruka mtaro, safari hii akatusalimu vizuri.

"Mama, maua yako yamekwenda wapi?"

Nilijua ningeweza kusema jambo ambalo asingelisahau. Nilikuwa nalo tayari, nilikuwa nimelitunga wiki tano. Lakini mama aliinua mkono kuninyamazisha, akainuka kwa shida, akaenda kwenye mstari ambao hatukuwa tumeufikia. Akachimba kwa jembe kuzunguka mhindi mmoja mfupi, akautoa wote na udongo wake, akaupangusa polepole mpaka mizizi ikaonekana. Akamletea.

"Pasta, angalia hapa. Hii ni mahindi. Hii ni ile maua. Umeona imeshika wapi?"

Mchungaji aliinama. Mzizi wa kayongo ulikuwa umeukumbatia mzizi wa mhindi kwa vifundo vidogo vyeupe, usingeweza kusema wapi mmoja umeisha na mwingine umeanza.

"Hii maua haifanyi kazi, ni kweli," mama akasema. "Haisokoti. Inakula kwangu. Ile Neno uliyosoma, mimi naijua tangu zamani. Lakini ulisoma nusu. Mbele kidogo inasema hiyo majani leo iko, kesho inatupwa kwa moto. Bwana alikuwa anaongea na watu ya shamba. Walijua gani ni ya kuacha na gani ni ya kuchoma."

Alisema hayo bila ukali wowote, kama anavyomwelekeza mtu njia ya kwenda mtoni. Nami, niliyekuwa nimesoma kuliko yeye na kumcheka kwa kunyamaza kwake, nilikuwa sijawahi kuwaza jambo hilo. Nilikuwa nimedhani Maandiko yenyewe ndiyo yaliyokosea, au angalau yalisemwa na mtu asiyejua jembe. Kumbe aliyesema pale mlimani alitaja na tanuri. Aliwaona wanawake wakiwasha moto wa mkate kwa majani yaliyochanua wiki iliyopita, na wale waliomsikiliza wakaketi wakijua harufu ya moshi wake. Walikuwa maskini kama sisi, na alipowaambia wasihangaike hakuwa ameshuka garini.

Mchungaji aliupokea ule mhindi, akaugeuzageuza. Uso wake ulibadilika rangi, na kwa mara ya kwanza nilimwona kijana, kijana tu, aliyepelekwa mbali na kwao.

"Kwa nini hukuniambia siku ile, mama?"

"Hukuuliza jina yake," mama akajibu.

Akavua koti. Akalitundika kwenye mti wa uzio, akapiga goti kwenye mstari, akaanza kung'oa. Aling'oa kama nusu saa. Alivunja mashina mengi katikati, akaacha mizizi, na mama akawa anapita nyuma yake akirudia. Kisha akapata malengelenge, akatuonyesha kama mtoto, akaomba maji ya kunawa, akaondoka. Mama alisema ni mtu mzuri. Mimi nilisema nusu saa.

Nilidhani yameishia hapo. Sabato iliyofuata nilibaki kijijini, kwa hiyo niliyasikia kwa masikio yangu. Mchungaji alipanda mimbarini akiwa ameshika shina la kayongo lililokauka, pamoja na mhindi wake. Alikuwa amevifunga kwa utepe. Akauliza kanisa, kwa sauti ya mtu anayefichua siri, "Wapendwa, mnalijua ua hili?"

Wakaitikia kwamba wanalijua! Sasa walilijua.

Akahubiri karibu saa nzima. Alisema dhambi ni kayongo. Inakuja ikiwa nzuri, inachanua, unaipiga picha, na chini imekushika mzizi. Alisema wengi husoma Neno nusu. Alisema Bwana alikuwa anaongea na watu wa shamba. Alisema ni Roho aliyemfunulia hayo, akiwa amepiga goti shambani. Watu walilia. Mzee wa kanisa alilia, akitumia leso nyeupe iliyokunjwa vizuri. Vijana wawili walirekodi kwa simu, na kabla hatujafika nyumbani mahubiri yalikuwa yameshazunguka.

Neno moja tu halikutajwa, nalo ni mama. Sikutegemea jina lake. Angesema tu, nilifundishwa na mwanamke mmoja wa hapa hapa, ameketi pale. Hakusema.

Nilimtazama mama wakati wote ule. Alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali, kila sentensi, kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi akisoma vizuri.

"Amekuibia," nilimwambia njiani.

"Ameibaje? Si ameelewa?"

"Amesema ni Roho!"

Alicheka. "Na wewe unajuaje si Roho?"

Mpaka leo sikubali. Nafikiri mtu anayechukua maneno kinywani mwa mwanamke mwenye mgongo unaouma na kuyaweka kinywani mwa Mungu amefanya wizi wa kiwango cha juu sana, kwa sababu hakuna polisi wa kumshtakia. Lakini naona pia kwamba mama hakuwa amepungukiwa na chochote. Aliyesumbuka nilikuwa mimi.

Mambo yaliendelea kama yanavyoendelea. Kanisa lilikuwa na kipande chake cha mahindi nyuma ya jengo, cha kusaidia wajane. Msimu uliofuata kipande chote kilichanua rangi ile ya waridi, kutoka ukutani hadi barabarani. Yale mafungu ya Sabato ya wageni yalikuwa yamefagiliwa nje, na aliyefagia ni mama, na palipotupwa uchafu ni pale pale. Mzee wa kanisa aliitisha kikao kuuliza adui gani amefanya hivi. Sikualikwa, na ni vizuri.

Mchungaji alihamishwa, nasikia upande wa Macalder, kwa watu wanaochimba dhahabu. Natumaini hajawahubiria kwamba dhahabu haifanyi kazi. Ofisa wa kilimo aliwaambia wanawake wa kijiji waache mahindi misimu kadhaa, wapande vitu ambavyo kayongo haiwezi kuvinyonya. Mama akapanda njugu upande wa chini na soya upande wa juu. Majirani walimcheka kwamba atakula ugali wa njugu. Njugu zilikuja vizuri. Nilikwenda kumsaidia kuzing'oa, na udongo uliokuwa umeshikamana nazo ulikuwa mweusi na mlegevu, tofauti na nilivyouzoea.

Juzi juzi mteja mmoja alikuja kwangu Homa Bay kupimwa gauni. Ni mwanamke mwenye duka la vitenge, mcha Mungu wa kelele nyingi. Nikiwa nimepiga goti nikiweka pini kwenye upindo wake, akatoa simu.

"Hebu sikiliza huyu mchungaji," akasema. "Ana maneno mazito. Nimetumiwa na dada yangu."

Ikatoka ile sauti. Dhambi ni kayongo. Wengi husoma Neno nusu. Nilisikiliza mpaka mwisho nikiwa na pini tatu mdomoni, na mteja akiguna juu yangu kila mara, "Eeh, ukweli, ukweli."

"Umeonaje?" akaniuliza.

Nikatoa pini. "Geuka upande huu," nikamwambia.

Alipoondoka nilimpigia mama. Nilimweleza kwamba maneno yake yamefika Homa Bay, yanazunguka kwa simu za watu, na bado si yake. Nilitaka akasirike hata kidogo, anipe kampani. Nilimsikia upande wa pili akihema, alikuwa anatembea mahali.

"Amesema watu waing'oe kabla haijachanua?" akauliza.

Nikafikiri. "Hapana. Hilo hajasema."

"Basi mwambie huyo mteja wako," akasema. "Ana shamba?"

Nikamwambia sijui, ana duka la vitenge. Akasema niulize, kisha akakata simu kwa sababu mbuzi wa jirani walikuwa wameingia kwenye soya.